Sifa za Gololi Safi

Habu ya nyuma ya baiskeli kubwa ya mzigo, kama Phoenix tunazozijua, ina gololi 18, tisa kila upande, na kila gololi ina upana wa robo inchi. Habu ya mbele ina gololi ndogo zaidi, 10 kila upande. Mtu wa Busisi anapofunga magunia mawili ya mkaa kwenye keria na kuanza kukanyaga pedeli kuelekea Sengerema, uzito wote huo pamoja na uzito wake mwenyewe hupita kwenye gololi hizo kabla ya kufika ardhini. Hakuna njia nyingine. Gololi zikiwa safi na zimelala kwenye grisi nzuri, anasukuma mzigo peke yake. Zikiwa zimechafuka, anasukuma mzigo na uchafu pamoja, na nguvu inayoliwa na uchafu imetoka kwenye ugali wake mwenyewe.

Nataka kuisifu kazi ya kufungua, kusafisha na kupaka mafuta, ile inayofanyika nyumbani chini ya mwembe kwa spana mbili, kitambaa na kopo la mafuta ya taa. Wengi huiona kazi ndogo, ya kumwachia kijana asiye na shughuli. Kwangu ni ufundi kamili. Unataka macho, vidole, subira na uamuzi, na unamfundisha mtu jambo ambalo hata mafundi wa mitambo mikubwa wanaishi kwalo: chombo huanza kuboreka pale kinapoondolewa kisichotakiwa. Mafuta yanakuja baadaye.

Busisi ni mahali pazuri pa kujifunzia jambo hili, kwa sababu pana adui wa kutosha. Kijiji kiko upande wa Sengerema wa Ghuba ya Mwanza, kinatazamana na Kigongo iliyoko Misungwi. Kwa miaka mingi jina lake lilitajwa pamoja na kivuko: malori na mabasi kwenye foleni, wachuuzi wa samaki wa kukaanga wakipita madirishani, MV Misungwi, MV Sengerema na MV Mwanza zikienda na kurudi. Tangu Juni 2025 magari yanapita juu ya Daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, na maji yaliyokuwa yakimlia msafiri saa nzima na zaidi sasa yanavukwa kwa dakika chache. Lakini ukiiacha lami na kushika njia za ndani, zinazokwenda mashambani na mialoni, unakuta vumbi lile lile walilolijua babu zetu.

Vumbi hilo lina asili yake. Nchi ya kandokando ya Mwanza imejaa mawe ya graniti, yale yaliyolipa jiji lile jina la Jiji la Miamba. Graniti huchakaa polepole kwa jua, mvua na mizizi ya miti, na kinachobaki mwishoni ni mchanga wenye chembe nyingi za kwatzi. Kwatzi ni ngumu. Hukwaruza kioo, na hukwaruza chuma cha kawaida. Chembe moja ikiingia kwenye habu inakutana na gololi na koni, nayo inasagwa katikati yake mzunguko baada ya mzunguko. Yenyewe inapungua, lakini kila inapopita inaacha mkwaruzo. Mkwaruzo mmoja hauna neno. Mikwaruzo elfu kadhaa, kwenye chuma kilichosuguliwa kiwandani hadi kikang'aa, hugeuka vishimo, na kishimo hakiponi kwa grisi.

Ndiyo maana kazi inaanza na kufungua, na kufungua kuna adabu yake. Baiskeli hugeuzwa, ikasimama kwa kiti na usukani, au hutundikwa tawini kwa kamba. Nati za gurudumu hulegezwa, breki za vyuma huachiwa, cheni hushushwa, gurudumu hutoka. Chini hutandikwa kitambaa cheupe au kanga kuukuu, kwa sababu gololi inayodondokea mchangani ni shida ya mchana mzima. Mwenye uzoefu hufungua upande mmoja tu wa ekseli: hulegeza nati ya nje, hutoa washa, kisha hufungua koni kwa spana nyembamba, huku mkono wa pili umeishika ekseli isichomoke. Gololi hutolewa upande kwa upande na kuhesabiwa. Tisa zikitoka nane, moja imebaki ndani au imekwisha kupotea zamani, na hapo mtu ameshajua kwa nini gurudumu lake lilikuwa likiyumba.

Kabla ya kusafisha, fundi mzuri hutazama. Grisi chafu inasema mengi kwa mtu anayejua kuisoma. Ikiwa nyeusi na nzito, imebeba unga wa chuma na vumbi. Ikiwa na wekundu, kutu imeanza. Ikiwa imegeuka rangi ya maziwa, maji yameingia, na mara nyingi mwenye baiskeli anajua yalikoingilia, maana amezoea kuiosha ziwani. Anayeifuta yote haraka bila kuitazama amepoteza habari za tangu baiskeli ilipofunguliwa mara ya mwisho: ilipita wapi, ilibebeshwa nini, na ni upande gani ulioumia zaidi.

Kisha ndipo mafuta ya taa yanapoingia. Gololi na koni hulowekwa kwenye kopo, mbali na jiko na sigara. Ndani ya habu hupitishwa mswaki wa zamani uliolowekwa mafuta hayo hayo, kisha kitambaa kikavu kilichoviringishwa kwenye kijiti, tena na tena, hadi kitambaa kitoke hakina weusi. Hapa ndipo wengi wanapochoka mapema. Mara ya kwanza kitambaa hutoka cheusi kama lami, mara ya pili kijivu, mara ya tatu kina kivuli tu, na kile kivuli ndicho chenye mchanga mwembamba kuliko wote. Ukiacha hapo, grisi mpya itauchukua mchanga ule na kuusambaza pote. Anayeweka grisi safi juu ya uchafu ametengeneza dawa ya kusagia chuma, na ameitengeneza kwa fedha zake.

Gololi zilizotoka kwenye mafuta ya taa hufutwa, halafu hukaguliwa mojamoja juani. Gololi nzima inarudisha mwanga sawasawa pande zote. Iliyochakaa ina doa lisilong'aa, au kijishimo ambacho ukucha hukihisi kabla ya jicho kukiona. Koni nayo ina mstari unaozunguka, njia ambayo gololi hupita. Mstari mwembamba, laini na wa upana mmoja ni habari njema. Mstari uliojaa vishimo, au uliopanuka upande mmoja, maana yake koni imekwisha na inatakiwa mpya.

Na gololi zinapobadilishwa hubadilishwa zote za upande ule. Hii si anasa. Gololi mpya moja ikiwekwa kati ya kuukuu nane, ni kubwa kuliko wenzake kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, lakini chuma kinakiona. Inabeba mzigo wa wote, inachosha koni, na inaweza kupasuka mapema. Gololi zinabebana kwa sababu ni sawa kwa sawa.

Grisi yenyewe ni kitu cha kustaajabisha mtu akikifikiria. Kwa sehemu kubwa ni mafuta ya kawaida yaliyoshikwa na aina ya sabuni, mara nyingi sabuni ya madini ya lithiamu. Sabuni huyashikilia mafuta mahali pamoja yasichuruzike, na huyaachia kidogokidogo pale chuma kinapokanyaga chuma. Kwa habu haihitajiki nyingi. Hupakwa ya kutosha kuzishika gololi zisidondoke, zinapangwa tisa, inabaki nafasi ndogo, na nafasi hiyo huachwa kama ilivyo. Anayelazimisha ya kumi iingie atazifanya zisuguane zenyewe kwa zenyewe. Grisi inayomwagika nje ya habu haina faida ila kukusanya vumbi la njiani na kulikaribisha ndani.

Kinachobaki ni kukaza, na hapa ndipo ufundi unapohamia vidoleni. Koni ikikazwa mno, gololi zinabanwa na gurudumu linakwenda kwa kusitasita, utasikia mchanga ambao haumo. Ikilegea mno, gurudumu linacheza kulia na kushoto, na kila jiwe la barabarani linazigonga gololi kama nyundo. Kati ya hapo na hapo pana nafasi ndogo sana, pengine sehemu ya nane ya mzunguko wa spana, na hakuna kipimo cha kuipata isipokuwa mkono. Koni husogezwa hadi iguse, hurudishwa kidogo, hushikwa imara kwa spana nyembamba wakati nati ya nje inakazwa, kwa sababu nati ile hupenda kuizungusha koni na kuharibu yote yaliyopatikana. Kisha hujaribiwa tena. Mara nyingi hurudiwa.

Kipimo cha mwisho nilikiona vizuri kwa mzee mmoja jirani, aliyekuwa akimfundisha mjukuu wake wa kike, mwanafunzi wa darasa la sita. Gurudumu lilikuwa limetundikwa, habu imefungwa, mikono ya binti imejaa weusi hadi viwiko. Mzee alimwambia aisogeze valvu ya tyubu iwe pembeni, usawa wa saa tisa, kisha aachie bila kusukuma. Gurudumu likakaa kimya kidogo, likaanza kushuka taratibu kama linalofikiri, valvu ikapita chini, ikapanda upande wa pili, ikarudi, ikayumba, mwisho ikatulia chini kabisa.

"Babu, limekwenda lenyewe."

"Halijaenda lenyewe, mjukuu wangu. Upande wa valvu ni mzito kuliko upande mwingine. Kidogo tu. Gololi zikiwa safi, uzito huo unatosha."

Valvu na nati yake havizidi uzito wa funguo chache. Gurudumu zima la baiskeli ya mzigo, lenye rimu ya chuma, spoku, tyubu na tairi, linakubali kuongozwa na uzito huo kwa sababu hakuna kinachoupinga. Kabla ya kazi ile ya mchana mmoja, gurudumu hilo hilo lilikuwa likisimama popote linapoachwa. Sijui namna bora zaidi ya kumwonyesha mtoto maana ya msuguano, wala ya kumwonyesha mtu mzima alichokuwa akikilipia kila siku bila kukijua.

Habu inataka grisi. Friwili inataka kitu kingine kabisa, na tofauti hiyo ndiyo inayomtambulisha fundi. Ndani ya friwili mna vikucha viwili vya chuma vyenye springi nyembamba kama unywele. Mtu anapokanyaga pedeli, vikucha hivyo vinasimama na kukamata meno ya ndani, na nguvu yote ya miguu inapita kwenye ncha zake. Anapoacha kukanyaga, kwenye mteremko wa kushukia ziwani, vinalala na kupita juu ya meno, ndiyo ile sauti ya tiktiktik tunayoijua tangu utoto. Kazi yake ni kushika bila kuteleza na kuachia bila kusita.

Wazo hili ni la zamani kuliko baiskeli. Mafundi wa China walikuwa wakitengeneza vifyatulio vya shaba nyeusi vya pinde za kufyatulia zaidi ya miaka 2000 iliyopita, na vifyatulio vya namna hiyo vimefukuliwa karibu na Xi'an, pamoja na lile jeshi la askari wa udongo la mfalme wa Qin. Upinde wetu wa Usukuma, ule ambao sungusungu walitembea nao, huachiwa kwa vidole. Ule wa kufyatulia huachiwa na kipande kidogo cha chuma kinachozuia nguvu kubwa kwa ukingo wake mwembamba, na kinatakiwa kiachie mara moja, pasipo kukwama. Anayemiliki upinde wa namna hiyo leo na mwenye Phoenix wa Busisi wanapata ugonjwa mmoja: grisi iliyokauka, vumbi na kutu pale panapotakiwa chuma kiteleze juu ya chuma. Dawa yao pia ni moja. Safisha kwanza, kisha weka mafuta mepesi, machache.

Mepesi, kwa sababu grisi nzito huvigandisha vikucha. Vikilala visiinuke, mtu anakanyaga na pedeli zinazunguka bure, naye katikati ya kilima ana gunia mgongoni mwa baiskeli. Wengi hapo husema friwili imekufa na hununua mpya. Mara nyingi haijafa. Gurudumu hulazwa, mafuta ya taa hudondoshwa kwenye ule mwanya mwembamba kati ya sehemu inayozunguka na isiyozunguka, friwili huzungushwa, uchafu mweusi hutoka upande wa pili, na hurudiwa hadi kitokacho kiwe safi. Huachwa ikauke vizuri. Kisha matone machache ya mafuta ya cherehani, na sauti inarudi, kali na ya kufuatana. Kuna wachache wanaofungua friwili yenyewe, wakijua kwamba kifuniko chake hufunguka kwa kuzungushwa kuelekea upande ambao nati nyingine hukazwa, na kwamba ndani wanasubiriwa na gololi ndogo nyingi zilizo tayari kutawanyika. Ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini hata huyo anayefungua hapaswi kupiga tupa ncha za vikucha ili "kuzinoa". Pembe ya ncha ile ilipimwa kiwandani ishike. Ikibadilishwa itateleza siku ya mzigo mzito, na mpandaji atakwenda na kifua kwenye usukani.

Cheni ndiyo sehemu ambayo kila mtu huipaka mafuta, na ndiyo inayodhulumiwa zaidi. Mwaka 1999, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani, wakiongozwa na James Spicer, walipima cheni za baiskeli maabara na kukuta kwamba cheni nzuri hupitisha hadi asilimia 98.6 ya nguvu inayowekwa juu yake. Waliona pia jambo lililowashangaza watu: kwenye hali safi ya maabara, kilainishi hakikuleta tofauti kubwa katika kiasi hicho. Maelezo ya Spicer yalikuwa kwamba kazi ya mafuta, kwa kadiri walivyoona, ni kujaza nafasi zilizomo ndani ya cheni ili uchafu usipate pa kukaa. Mtu wa maabara amefika alipofika mzee wa chini ya mwembe: usafi ndio wenye nguvu, na mafuta ni mlinzi wake.

Kwa hiyo cheni huoshwa kwa mafuta ya taa na mswaki, hufutwa, hukaushwa, kisha kila kiungo hupewa tone moja upande wa ndani. Pedeli huzungushwa kinyumenyume ili mafuta yaingie, halafu cheni hufutwa tena kwa nje mpaka ishikike bila kuuchafua mkono. Mafuta yanayotakiwa yako ndani ya viungo. Yaliyobaki nje hukamata mchanga.

Hapa kwetu, nchi ya pamba na alizeti, wengi hupaka mafuta ya kula kwa sababu ndiyo yaliyopo jikoni. Siku ya kwanza cheni hunyamaza na mtu anafurahi. Lakini mafuta ya mbegu huungana na hewa, yakawa mazito, yakanata, na mwishoni yakageuka utando wa kahawia unaoonekana pia pembeni ya kikaango cha zamani. Cheni iliyopakwa mafuta ya pamba mara nyingi hugeuka fimbo. Wengine hutumia oili chafu iliyomwagwa na malori au bodaboda. Oili hiyo imebeba masizi na unga wa chuma wa injini iliyotoka, na ngozi ya binadamu haifai kuizoea, kwa kuwa ina vitu vinavyoweza kuleta saratani. Chupa ndogo ya oili mpya hutosha kwa muda mrefu pale inapotiwa tone kwa tone.

Kuna mahali pasipotakiwa mafuta kabisa. Rimu, pale raba za breki zinaposhika, inatakiwa kavu na safi. Tone moja hapo laweza kumpeleka mtu ziwani kwenye mteremko. Kujua pa kutoweka ni sehemu ya ufundi kama ilivyo kujua pa kuweka.

Historia ya baiskeli inaeleza kwa nini kazi hii bado iko mikononi mwa mtu wa kawaida. Mwaka 1869 Mfaransa Jules Suriray alisajili uvumbuzi wa gololi kwa ajili ya baiskeli, na Novemba ya mwaka huo huo James Moore, Mwingereza, alishinda mbio za Paris hadi Rouen, zaidi ya kilomita 120, akiwa juu ya baiskeli yenye gololi hizo. Mwaka 1885 John Kemp Starley alileta Rover, yenye magurudumu mawili ya ukubwa unaokaribiana na cheni inayovuta la nyuma, na umbo hilo ndilo tunalolipanda mpaka leo. Mwaka 1888 Dunlop alileta tairi ya upepo. Tangu hapo vifaa vya thamani vimebuniwa vingi, lakini habu ya baiskeli ya mzigo imebaki karibu ile ile, kwa sababu mtu wa kawaida anaweza kuifungua, kuiona yote, na kuirudisha.

Usukuma uliipokea baiskeli kwa mikono miwili. Pamba ndiyo iliyoifikisha katika nyumba nyingi. Vyama vya ushirika vya wakulima vilipokua katika miaka ya 1950, hadi kuundwa kwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria mwaka 1955 chini ya uongozi wa Paul Bomani, fedha za msimu zilinunua bati, ng'ombe na baiskeli. Baiskeli ikabeba pamba kwenda kwa wanunuzi, ikabeba wagonjwa kwenda zahanati, ikabeba maharusi. Leo bodaboda imechukua abiria, lakini dagaa, mkaa, mihogo na mananasi bado vinapanda keria kila alfajiri. Chombo kilichobeba familia kwa muda wote huo kinastahili kufunguliwa na kusafishwa kwa heshima.

Heshima hiyo inalihusu na ziwa. Kuiosha baiskeli mwaloni kuna hasara tatu kwa mara moja: maji huingia kwenye habu na kuiua grisi, mafuta hutoka na kuelea pale watu wanapochota maji, na mwoshaji mwenyewe hujitia kwenye hatari ya kichocho, ambacho kandokando ya ziwa hili ni ugonjwa wa kweli. Ndoo moja nyumbani yatosha kwa fremu na rimu, kwa kitambaa kilichokamuliwa. Mafuta ya taa yaliyotumika humiminwa kwenye chupa iliyoandikwa na kufungwa, mbali na mikono ya watoto. Uchafu hutuama chini baada ya siku chache, na yale safi ya juu huoshea tena safari ijayo. Hata katika hili, kazi ile ile inajirudia: kutenganisha kinachofaa na kisichofaa.

Naitazama kazi hii na kuliona daraja letu ndani yake. Zege na chuma hutanuka juani na kusinyaa usiku, kwa hiyo madaraja marefu huachiwa viungo vya kutanukia, na kiungo kilichojaa mchanga hakitanuki. Siku zijazo, muda mrefu baada ya sherehe za ufunguzi, daraja lile litasimama kwa nguvu za watu wenye brashi, mabomba na orodha ya ukaguzi, wanaorudi pale pale mwaka hadi mwaka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mwenye kuzoea kutazama nyufa ndogo huanzia nyumbani, kwenye chombo ambacho akikikosea kitamjibu kesho yake asubuhi.

Kwa hiyo ningependa kila nyumba yenye baiskeli iwe na kikopo chake: spana nyembamba ya koni, mswaki, kitambaa, kopo la grisi, kichupa cha mafuta ya cherehani. Ningependa watoto wa kiume na wa kike waitwe wakati habu inafunguliwa, wazihesabu gololi, wazitazame juani, waambiwe kwa nini ya kumi haiingizwi. Mtoto anayejua kusoma grisi chafu ataijua pampu ya kisima ikianza kulalamika, ataijua cherehani ya mama yake, ataijua injini ya mtumbwi, na kama akifika huko, atazijua mashine za hospitali na za kiwandani. Atakuwa amejifunza kuuliza swali la kwanza lililo sahihi, yaani ni nini kimeingia hapa ambacho hakikutakiwa, kabla ya kukimbilia kununua. Ufundi huo uko ndani ya uwezo wa kila nyumba ya Busisi, na unastahili kuhesabiwa miongoni mwa mali za nyumba, pamoja na shamba, mifugo na baiskeli yenyewe.